Fungate ya Vifutu

Mchumba alisema uongo mmoja tu, na aliusema kwa mapenzi. Siku walipojuana, daktari wa meno aliyekuja kumposa, mpenda nyoka, alimuuliza, "Na nyoka je?" Akajibu, "Nyoka nawapenda tangu utoto." Alishasikia habari za yule aliyemtangulia, aliyepiga kelele mbele ya nyoka akaachwa siku hiyohiyo. Yeye hakutaka kuachwa. Sasa harusi ilikuwa inakaribia, na fungate yao ingekuwa safari fupi ya kuvuka mpaka, kwenda kutafuta vifutu, wale nyoka wanene wenye sumu, kwenye misitu ya nchi jirani.

Aliyeujua uongo huo ni wifi yake, dada mkubwa wa daktari, mshonaji, ambaye ndiye aliyekuwa anamshonea gauni la harusi. Siku ya kwanza ya vipimo, futi yake ya kupimia ilimponyoka, ikaangukia mguu wa mchumba kama nyoka, na binti wa watu akaruka mpaka juu ya kiti. Mshonaji akaiokota futi yake taratibu. Ahaa, akajisemea, njia ya mwongo fupi. Leo nimekupata.

Alikuwa na roho mbaya? Tusimtafutie neno la kistaarabu: alikuwa nayo. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha kwa cherehani, na hakuona kwa nini mtu mwingine aje kupakua chungu asichokipika. Kumwambia mdogo wake amwache huyo mwanamke hakuthubutu. Alitaka akimbie mwenyewe, kwa miguu yake. Basi tangu siku ile, kila wakipima, futi inaanguka.

"Maskini, mikono imezeeka," anasema.

"Usijali, wifi," anajibu mchumba, jasho limemtoka juu ya mdomo.

Jumapili moja walikaa watatu katika chumba cha mbele, ambacho ndicho cha kushonea, ramani imetandazwa juu ya meza ya kukatia. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya kifutu, mnene, amejilaza kwenye majani. Daktari alikuwa na tabia ya kuihamisha, leo ukuta huu, kesho ule, eti jua linaifubaza. Mchumba alikuwa ameipa mgongo.

"Nyumba ya wageni ni hii hapa," alisema daktari, kwa sauti ile ya upole anayowatulizia wagonjwa kabla ya koleo.

"Nyumba ya wageni ya nini?" mshonaji akadakia. "Laleni hemani. Mtu anapenda nyoka, wewe unamfungia kwenye kuta nne? Au vipi, wifi?"

"Hemani ni kuzuri," mchumba alisema.

"Na mabuti ya nini? Wifi mwepesi, ataenda na ndala."

Daktari akacheka. "Mabuti lazima, dada. Kifutu hana habari ya kukupisha. Anajilalia tu, usipomwona unamkanyaga. Ndiyo maana tunakwenda wawili: mmoja anainua magogo, mwenzake yuko nyuma na fimbo."

"Magogo ainue wifi. Raha yote si iko kwenye kuinua?"

"Sawa," alisema mchumba. Akainuka, akasema anakuja, akatoka uani. Wakasikia bomba limefunguliwa kwa nguvu, na nyuma ya maji hayo wakamsikia anatapika.

Mshonaji hakuweza kujizuia tena. "Umemsikia? Huyo anaogopa nyoka kuliko kifo. Anakudanganya tangu siku ya kwanza!"

"Najua," alisema daktari, macho kwenye ramani.

"Unajua nini?"

"Hiyo picha naihamisha kwa ajili yake. Nikiitundika huku, anahamia kiti cha kule. Hajakosea hata mara moja." Alitabasamu kama baba anayesimulia vituko vya mwanawe. "Yule wa kwanza alipiga kelele mapema mno, hakunifaa. Huyu anameza. Nataka nimwone huko msituni, anainua gogo huku ananichekea."

"Mdogo wangu!" alisema mshonaji. "Ukatili gani huo?"

"Ukatili?" Alishangaa kweli. "Si wewe uliyeniambia kuna nyoka chini ya kitanda, ili nisishuke ukishona? Nilikuwa najikojolea palepale, nangoja umalize. Nikazoea. Naye atazoea."

Loo, mkuki kwa nguruwe! Habari za kitanda kile mshonaji alikuwa akizisimulia kwa wageni kama kichekesho, na watu wanacheka. Leo hakikumchekesha.

Mchumba aliporudi, uso umeoshwa, mshonaji alimshika mikono yote miwili. Hakuwahi kumshika hivyo. "Wifi, nisikilize. Usiolewe na huyu. Anajua unaogopa, anajua kila kitu, anakuchezea. Nenda kwenu, mama, nenda sasa hivi."

Mchumba akamtazama daktari. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni. "Dada, jamani," alisema, basi.

Mchumba akaitoa mikono yake. "Siku zote hizi unaniangushia futi, unadhani sioni? Nimekunyamazia. Leo umeona unipige kwa hili? Hunitoi humu, wifi."

Akavuta kiti, akakigeuza, akakaa uso kwa uso na picha. Shingo ilimtetemeka lakini macho hakuyaondoa. "Magogo nitainua mimi."

"Huyo ndiye mke," alisema daktari.

"Na gauni linanipwaya tena," mchumba aliendelea, akasimama. "Nipunguzie kiunoni."

Mshonaji akapiga magoti mbele yake ampime upya. Safari hii bila kutaka, wallahi bila kutaka, futi ilimponyoka, ikaangukia mguu wa mchumba.

Mchumba hakuruka.

"Unaona, dada?" alisema daktari.