Korongo wa Mzee Burashi

Burashi alikuwa mwandika mabango. Jina alilopewa na wazazi wake alilitumia hospitali tu. Kwingine kote alikuwa Burashi, na binti yake, aliyefanya kazi kwenye duka la kuchapa stika, wenzake walimwita Binti Burashi, akaitika. Miaka arobaini mzee alipanda ngazi na kushuka, akichorea vinyozi mikasi na mafundi viatu mitindo ambayo hawakuwahi kuishona maishani mwao. Halafu presha ya macho ikamwingia kimyakimya. Siku aliposhtuka, jicho la kulia lilishakwenda, na la kushoto lilikuwa linaaga.

Bango, jamani, halidumu. Kinyozi akihama anakuja muuza simu, anapaka rangi yake juu, na mkono wa mtu unazikwa bila hata pole. Kati ya kazi zote za Burashi ilibaki moja: bati la kiwanda cha mikate, lenye korongo amesimama kwenye maji ya bluu, mkate mdomoni, na nyuma yake weupe mtupu. Chini ya mguu wa kushoto, ndani ya maji, palikuwa na herufi ndogo nyeupe: Burashi. Ndilo bango pekee alilolitia jina.

"Asubuhi ile mama yako alikuwa amekuzaa wewe," alimwambia binti. "Nikajiona na mimi mtu."

Kila siku binti alimvusha barabara, akamwacha kwenye benchi la fundi cherehani, rafiki wa mzee tangu ujana, ndipo aende kazini. Wakifika ukingoni alitazama huku, akatazama huku, akasema, "Njia nyeupe, baba." Mzee aliinua mguu hapo hapo. Pikipiki zilinguruma, malori yalipiga honi, yeye anatembea kama yuko sebuleni kwake. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

"Wewe ndiye macho yangu," alikuwa akisema. "Nikikuuliza wewe, nimeshaona."

Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Tajiri, akanunua magari tisa ya kusambazia mikate. Bati lilikuwa limeliwa na kutu, likashushwa. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe dukani, akamwambia binti, "Nataka korongo huyu huyu wa mzee ubavuni mwa kila gari. Na jina lake libaki, nimemwahidi. Tena magari nimeagiza yapakwe bluu ile ile ya maji yake, isizidi wala isipungue."

Burashi aliposikia hayo aliomba shati lake jeupe lipigwe pasi, na siku ya kwenda kuyaona magari ilikuwa bado wiki mbili!

Basi binti akalipiga bati picha, akaketi kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuondoa ule weupe wa nyuma ili pawe wazi, korongo asije akakaa ubavuni mwa gari ndani ya boksi jeupe kama picha ya kitambulisho. Alishafanya nembo za namna hiyo mia na zaidi. Aliongeza mwanga mpaka nyeupe ikawa nyeupe pe, akachukua kile kifimbo cha kuchagulia rangi, akagusa weupe mara moja. Kuna kijisanduku cha kuweka alama, cha kuiambia kompyuta ichague weupe ulioungana na pale ulipogusa tu. Siku hiyo hakukiweka. Mwenye mazoea ndiye huteleza.

Kwa hiyo kompyuta ikachagua kila nyeupe pe iliyokuwamo, popote ilipojificha. Manyoya ya korongo yalisalimika, maana Burashi hakuwahi kupaka ndege bila tone la njano. "Ndege si ukuta," alisema. Jina hakulitia njano. Binti akabonyeza kufuta, likaenda pamoja na ule weupe wa nyuma.

Wewe utauliza, hakuona? Aliangalia, tena kwa makini. Aliweka korongo kwenye ukurasa mweupe, akalitafuta jina, akaliona linang'aa ndani ya maji. Kumbe ni weupe wa ukurasa unaochungulia kwenye matundu ya herufi. Alitazama tundu akadhani ni kitu. Akahifadhi juu ya picha ile ile ya mwanzo, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, stika zikachapwa kwenye plastiki angavu, inayoonyesha kilicho nyuma yake, na bati lenyewe likabebwa na watu wa vyuma chakavu.

Siku ikafika. Mzee shati limenyooka, kidevu kimenyolewa. Waliingia uani mwa kiwanda, magari tisa yamepangwa safu moja, bado yananukia rangi mpya. Korongo alipendeza! Binti alitaka kumsifia baba yake kwa sauti, macho yakashuka chini ya mguu wa kushoto.

Bluu.

Alielewa palepale. Kwenye matundu ya herufi gari lilikuwa linaonekana, na gari na maji ni rangi moja. Tajiri kwa wema wake na yeye kwa haraka yake, wamemzika mzee wao wawili. Akatazama gari la pili, la tatu, kana kwamba moja lingemhurumia.

"Jina lipo?" mzee akauliza.

Msimlaumu upesi. Sisi tumeongopa kwa madogo kuliko hayo.

"Lipo, baba."

"Nipelekee kidole."

Akamshika kidole, akakiweka kwenye bluu tupu. Mzee akakisogeza polepole, B, U, R, akiandika upya alichokiandika siku ile binti alipozaliwa, na uso wote ukamchanua.

"Limetoka vizuri?"

"Limetoka vizuri sana."

Dereva wa gari lile alikuwa anakuja na kitambaa cha kufutia vumbi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa, nilipoweka kidole." Hakuwa na shaka yoyote, maskini. Alitaka tu kulisikia jina lake kinywani mwa mtu asiyemjua.

Binti alimkonyeza dereva, lakini dereva alikuwa ameshainama. Alitazama, akapangusa kwa kitambaa, akatazama tena.

"Hapa? Hapa hamna maandishi, mzee wangu. Ni rangi tu."

Kidole cha mzee kilibaki palepale.

"Baba, nilikosea," binti akaanza kulia. "Nililifuta bila kujua, picha ya kwanza sina, bati nalo limeshakwenda. Baba, nisamehe."

"Kufutwa nimezoea," Burashi alisema. "Mabango yangu yote yamefutwa, sijalia." Akauondoa mkono garini, akaupangusa kwenye suruali. "Ila nilikuuliza wewe."

Tajiri alitoka na soda, wakashukuru, hawakunywa. Wakashika njia ya kurudi. Binti alimshika mkono kama siku zote, na mzee hakuutoa, jambo ambalo lilimuuma zaidi kuliko kama angeutoa.

Wakafika ukingoni mwa barabara. Binti akapangusa macho, akatazama huku, akatazama huku. Hapakuwa na gari hata moja.

"Njia nyeupe, baba."

Mzee hakuinua mguu. Aligeuza uso upande wa pili, ambako nyayo za mpita njia zilikuwa zinasogea, akangoja mpaka zikafika karibu.

"Samahani, ndugu yangu," akasema, mkono wake ungali mkononi mwa binti yake. "Eti njia ni nyeupe kweli?"