Tumbili wa Papa Stanislas

Mwaka ule tumbili waliyavamia mahindi ya Kyakimwa tangu yakiwa bado na maziwa. Hawakula kama wenye njaa. Mmoja huvunja bunzi, hung'ata mara moja, hutupa, huvunja jingine. Kyakimwa alijaribu mbwa, akajaribu kugonga madebe, akachoma pilipili upande wa upepo. Tumbili walipiga chafya kidogo, wakarudi.

Shamba lilikuwa Annexe, pembezoni mwa mji, upande wa kuelekea uwanja wa ndege wa Luano, mahali ndege za abiria zinapita chini sana zikijiandaa kutua. Mumewe, Kambale, aliuza simenti kwa jumla mjini na malori yake yalikwenda mpakani Kasumbalesa kila wiki. Shamba alimwachia mkewe. Aliposikia malalamiko hakuacha hata kula.

"Tununue bunduki," alisema.

Walimchukua Raoul, rafiki yao mwindaji mwenye kibali, awasaidie kuchagua. Kambale alitaka bunduki ya marisau, kwa kuwa marisau yanatawanyika na mtu hahitaji shabaha. Raoul akatikisa kichwa.

"Hapana, Papa Kambale. Kule mbali, makako atapata marisau mbili tatu mu tumbo, atakimbia, atakwenda kufia mu majani pole pole."

"Basi ile kadogo, ya kuua ndege."

"Ile inachoka mu njia."

"Na ile kubwa, ya nyati?"

"Ile itapita makako, itapita muti, itatafuta muntu mu nyumba yake."

Alichowachagulia ni bunduki nyembamba yenye darubini, kalibri ya .222. Risasi yake yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko punje ya karanga, lakini ganda lake lilikuwa refu, limeshiba baruti. Ilikwenda kwa kasi kali, na ikifika ndani ya mnyama ilivunjika vipande palepale, haikutokea upande wa pili. Raoul alimwonyesha Kyakimwa namna ya kulala juu ya kichuguu kirefu kilichokuwa katikati ya shamba na kupiga kwa kushusha, ili risasi ikikosa imezwe na udongo.

"Maman, iko na neno moja," alimwambia. "Na marisau, muntu anaweza sema alikosea. Na hii, kile uliona mu darubini, njo kile uliua."

Kyakimwa alijifunza kwa kupiga vifuniko vya madebe ya mafuta. Alikuwa na mkono mtulivu, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. Muda si mrefu Raoul hakuwa na la kumsahihisha. Tumbili wa kwanza alianguka akiwa bado na bunzi mkononi. Wa pili alikuwa jike mwenye mtoto aliyemng'ang'ania kifuani. Jike alipoanguka, mtoto hakumwachia. Kyakimwa alivuta komeo, akatia risasi nyingine, akampiga na yule mtoto. Kisha aliwafunga wote kwa mikia kwenye waya wa uzio, wakiangalia njia, na akaenda kunawa mikono kwa ajili ya kupika bugali.

Siku zilizofuata alikuwa akienda kichuguuni hata kama hakuna aliyemwita kwamba tumbili wameingia.

Jirani yao alikuwa Papa Stanislas, mstaafu wa reli, mjane. Binti yake Claudine, anayekaa mtaa wa Hewa Bora, alikuwa amemsihi mara nyingi ahamie kwake, naye alikataa. Alikuwa na tumbili aliyemlea kwa chupa tangu mchanga, jina lake Mado. Mchana Mado alizurura na wenzake wa porini. Jioni alirudi, akalala juu ya mgongo wa kiti cha mzee.

Papa Stanislas aliiona ile mizoga kwenye waya, akaja, kofia mkononi.

"Maman Kyakimwa, sikuje kugombana. Makako wanakuharibia, niko naona. Lakini Mado ni mutoto wa mu nyumba."

"Nitamujua namna gani, papa? Wote wanafanana."

"Nitamutia alama. Kitambaa nyekundu, hapa mu kiuno."

"Basi umutie. Mwenye kitambaa sitamupiga."

Mzee alishukuru sana, kuliko ilivyostahili. Akachana kipande cha kitenge chekundu cha marehemu mkewe, Agnès, akamfunga Mado kiunoni, akamleta Kyakimwa amwone. Mado alimshika Kyakimwa kidole akakinusa.

Jumapili, baada ya ibada, Kambale alikuwa barazani akimenya chungwa.

"Kile kiwanja cha muzee kiko na kisima kizuri," alisema. "Claudine aliniambia, baba yake hawezi kuhama sababu ya ile makako tu. Mu nyumba ya Claudine hawataki kufuga nyama."

Kyakimwa aliokota maganda ya chungwa sakafuni.

"Mwizi akivaa kitambaa," Kambale akaendelea, "anaacha kuwa mwizi?"

Akatia kipande cha chungwa mdomoni.

Asubuhi ya Jumanne kundi liliingia shambani. Kyakimwa alilala kichuguuni. Katika darubini alimwona dume, akamwacha. Akaona kitambaa chekundu, kikitokea na kupotea kati ya mabua. Mado alikaa chini, akamenya bunzi vizuri kama mtu, nyuzi akiziweka pembeni. Alikuwa pekee kati ya wote aliyekula mpaka akamaliza. Ndege ilikuwa ikishuka Luano, na Kyakimwa alingoja mpaka ikawa juu ya kichwa chake, mngurumo wake ukafunika kila kitu. Kisha akavuta.

Kambale alipopata habari, alimpigia simu kutoka dukani. "Umuambie majani yalificha kitambaa. Atakubali. Ni muzee."

Kyakimwa alimbeba Mado ndani ya gunia la mbolea hadi kwa Papa Stanislas. Mzee alikuwa akipuliza makaa ya chai. Alilifungua gunia, akatazama, akalifunga tena nusu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Kitambaa kilijificha," alisema yeye mwenyewe, kumtafutia njia. "Mahindi imekuwa mirefu mwaka huu. Labda haukukiona, mutoto wangu."

Angeweza kuitikia. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini jambo moja lilimkera: mzee kudhani kwamba amepiga kwa bahati, kwamba hakujua alichokipiga.

"Nilikiona," alisema. "Nilipiga juu yake, upana wa kidole kimoja."

Papa Stanislas alibaki amechuchumaa. Chai ilifurika, ikazima makaa, hakuiondoa.

"Aya," alisema hatimaye. "Uende, maman. Uende kwako."

Hakumshitaki popote. Claudine alikuja na gari kumchukua kabla mvua haijakatika, na kiwanja kikauzwa kwa Kambale bila maneno mengi. Mado alizikwa karibu na kisima. Baadaye mafundi waliochimba msingi wa ghala walimfukua, wakauliza wafanye nini na mifupa, na Kambale akawaambia wachanganye na udongo.

Kundi la tumbili lilihamia mbali. Mavuno yalikuwa mazuri kuliko yote. Kyakimwa alikutana na Papa Stanislas siku moja Hewa Bora, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya binti yake, kofia magotini. Alimsalimia kwa heshima, na mzee akaitikia, akamtazama kwa adabu ya mtu anayejaribu kukumbuka.

"Wewe ni nani tena, maman?"

Alimtajia jina lake. Mzee akatikisa kichwa, halikumwambia kitu. Kyakimwa akamweleza: jirani wa Annexe, mwenye mahindi.

"Ah, mahindi," alisema mzee, na akatabasamu. "Angalieni makako. Mimi niko na moja, anaitwa Mado. Jioni atarudi."

Claudine alisimama mlangoni, mikono imelowa povu la kufulia, akimtazama Kyakimwa bila kupepesa.

"Atarudi, papa," alisema Kyakimwa, na akashika njia.