Félix Auzwa Pamoja na Gari Lake

Jumamosi asubuhi Félix Mwenze alikuwa ndani ya gari lake bandarini Kashikishi, akimsubiri mkewe Pierrette amalize kupakia vikapu vya chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa. Redioni walisema kampuni moja ya Kichina imeinunua chapa ya magari ya Ulaya, jina lake na vyote vilivyo chini ya jina hilo. Gari la Félix, lenye umri wa miaka ishirini na sita, lilikuwa la chapa hiyo. Alipotaka kushuka, hakuweza.

Albert, fundi wa kuchomelea, aling'oa mlango mzima. Félix akajaribu kutokea hapo wazi, bega lake likagonga hewa kama ukuta. Jumapili mlango ulikuwa umerudi mahali pake. Tangu hapo Pierrette alimpitishia bukari, yaani ugali, na samaki dirishani. Mkono wake ulirudi, sahani haikurudi; kilichoachiwa mle ndani hakikutoka tena. Kufikia Jumatano kiti cha nyuma kilikuwa na sahani tisa, na Félix aliumwa magoti.

Wote wawili walikuwa wakimbizi kutoka Pweto, ng'ambo ya mpaka, wakiishi kambini, na mkimbizi hakupita kizuizi cha barabara ya Mansa bila karatasi ya njia. Binti yao Arlène alikuwa amejifungua huko Mansa miezi minne iliyopita. Waliomba karatasi mara tatu, wakanyimwa mara tatu.

Alhamisi Félix alikuta hati mpya kwenye kisanduku cha dashibodi. Ilikuwa na muhuri mwekundu wa kampuni ile ya Kichina na orodha ya mali yake: injini moja, magurudumu manne, dereva mmoja. Akaendesha hadi kizuizini, akaibandika kwenye kioo. Askari Rodwell aliisoma polepole.

"Bipande ya motokari habiombake karatasi," alisema, akainua mti wa kizuizi.

Huko Mansa, Arlène alimwinua mtoto hadi dirishani.

"Papa, mubebe mujukuu yako."

Félix alipandisha kioo haraka. Wakatazamana hivyo mpaka mtoto akasinzia, kisha akageuza gari.

Pierrette alikuwa akimngoja kizuizini, upande wa kambi, na furushi la nguo za mtoto.

"Mutoto iko namna gani?"

"Iko na macho ya mama yako. Sikumubeba."

"Sababu gani?"

"Yote inaingia humu haitoke tena."

Pierrette aliitazama barabara.

"Mulango ya nyuma inafunguka ku inje?"

"Inafunguka. Pierrette, fikiri kwanza."

"Nilifikiri miezi mine."

Akafungua, akasogeza sahani, akaketi, akafunga mlango mwenyewe. Félix alipoinua hati, ilikuwa imeongezeka mstari: abiria mmoja. Rodwell aliusoma, akainua mti.

Kando ya barabara watu wanane wenye barua za kuomba karatasi walisimama, wakaona mti umeshashuka, wakaketi tena.