Do ya Mofu

Harusi za Ifakara kwa kawaida husubiri mpunga uingie ndani. Lakini mchumba wa Getrude alipewa likizo mwezi wa tano, padri naye akasema Pasaka ikishapita hana kizuizi, basi harusi ikapangwa hivyo hivyo, masika yakiwa bado hayajachoka. Ndipo barabara ya Mofu ikazama. Mto ulitoka ukatanda mbugani, na wenye mitumbwi wakasema hawavushi mtu mpaka maji yarudi mahali pake.

Mjomba Beatus alikuwa ng'ambo ya maji hayo.

Katika ukoo wao bibi harusi haingii ukumbini kwa muziki wa kuokotwa kwenye simu. Anaingia kwa gitaa la mjomba. Mama yao aliingia kwa gitaa la mjomba wake. Gitaa lilelile akarithi Beatus, naye akawapigia mabinti wa dada zake mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamebaki Getrude na mdogo wake, Tekla.

"Mimi sina maneno mengi," alisema Getrude siku moja, akisukwa nywele kwenye baraza la kwao, Katindiuka. "Mjomba asipopiga, nakaa nje na gauni langu. Keki mtaila wenyewe."

Alisema akicheka. Tekla alimjua dada yake. Kicheko kile kilikuwa na jiwe ndani.

Tekla alisomea ualimu, na huko chuoni ndiko alikojifunza kinanda. Mbele ya watoto wa chekechea sauti yake ilijaa darasa zima. Mbele ya watu wazima ilipungua, ikabaki ya kuombea chumvi kwa jirani. Lakini kitu kimoja alikiamini bila wasiwasi, nacho ni sikio lake. Sauti ikipelea, hata kwa unywele, alijua, kama mpishi anavyojua wali umeanza kushika chini kabla moshi haujatoka.

"Mjomba atapiga akiwa kulekule," alisema, akiangalia vidole vyake. "Dada Teddy ataimba akiwa kwake Kidatu. Watanitumia kwenye simu, mimi nitaunganisha na kinanda."

"Utaweza?" aliuliza Getrude.

"Nitaweza."

Getrude aligeuza kichwa kumtazama vizuri, akavutwa nywele na msusi, akaguna.

Tekla akatunga wimbo, akaupiga kwa kinanda, akautuma. Teddy, binti wa mama yao mkubwa, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, na hakuna aliyebisha kwamba sauti nzuri kuliko zote katika ukoo ilikaa kooni mwake. Tabu ilikuwa nyumba. Aliishi kwenye nyumba za mstari, ukuta mmoja na majirani wa kila kabila, na kila jirani alikuwa na redio yake. Ili asirekodi taarifa ya habari pamoja na wimbo, Teddy alipanda kitandani mchana wa jua kali, akajifunika blanketi gubigubi pamoja na simu, spika za masikioni akiwa amezichomeka, akaimba.

"Nimetoka humo nimeiva," alituma ujumbe wa sauti akihema. "Mwambie bwana harusi, nyama ya shemeji yake ipo tayari, alete pilipili tu. Umeipata?"

"Nimeipata, dada. Nzuri sana."

Mjomba Beatus alikuwa na simu moja tu. Aliusikiliza wimbo wa kinanda mpaka ukakaa kichwani, kisha akaiweka simu juu ya kigoda, akapiga gitaa mbele yake. Mtandao wa Mofu huja ukijisikia. Sauti ilifika kesho yake. Tekla alikata ule mwanzo wa mikwaruzo na vishindo, kama alivyozoea kukata, akaipanga chini ya sauti ya Teddy.

Akasikiliza. Akazima. Akawasha tena.

Mwendo ulikuwa sawa. Mkono wa mjomba haujawahi kuchelewa. Lakini gitaa na mwimbaji walikuwa kama watu wawili waliobeba benchi moja, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Gitaa lilikuwa chini. Si chini sana kiasi cha kusema ni ufunguo mwingine. Chini kidogo tu, pale panapouma.

Alimtumia Teddy asikie.

"Gitaa la mjomba limekunywa nini?" Teddy alijibu. "Tekla mdogo wangu, nisikilize. Hapo mjini yupo Lukelo, anapiga kwenye maharusi, ana kile kidude cha kutunia nyuzi zikae sawa. Mpe wimbo apige. Mjomba tutamwambia mtandao uligoma. Nani atajua?"

"Getrude atajua."

"Getrude siku hiyo atakuwa anawaza viatu vinavyombana."

Alichokifanya Tekla kilimtoa jasho kuliko blanketi la Teddy: alimpigia mjomba kumwambia kwamba gitaa lake limepelea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko hamjaota mapezi bado?" Beatus na watoto wa dada zake waliitana mjomba pande zote mbili. "Sisi huku kambare wanabisha hodi."

Tekla akacheka, kisha akasema alilopigia simu, kwa sauti ndogo. Upande wa pili akasikia bata, akasikia mvua kwenye bati.

"Limepelea," alisema Beatus taratibu.

"Kidogo sana. Ukikaza nyuzi zote, kidogo tu... nitakuminyia kinanda, usikie."

"Haya. Minya."

Akaminya. Akasikia mjomba akigonga uzi, akikaza, uzi ukipanda, ukipanda. Kisha ukalia mlio mfupi kama mjeledi, na Beatus akasema neno la Kindamba ambalo mama yao alikataza nyumbani.

"Umekatika?"

"Umekatika. Ule mnene. Ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, nimekaa nao miaka. Mwingine haupo, na duka liko huko kwenu." Kisha sauti yake ikawa ya upole, jambo lililomuumiza Tekla zaidi ya kama angefoka. "Mtafuteni kijana wa mjini, mjomba. Mimi nitawaombea tu. Kuomba hakuhitaji waya."

Baada ya simu, Tekla alikaa na mikono yake mapajani. Kama asingesema, gitaa lingekuwa zima. Sasa kilichobaki cha gitaa la mjomba ni ile sauti moja iliyo ndani ya simu yake, imepelea, na hakutakuwa na nyingine kabla ya harusi.

Basi alianza na hiyo. Hakuanza pale alipokata. Alirudi kwenye rekodi nzima, kwenye ule mwanzo wa vishindo ambao hakuwahi kuusikiliza hata siku moja.

Mwanzoni kulikuwa na kuku. Halafu, kwa mbali, ngeee. Ngeee. Ngeee.

Aliitambua mara moja. Ilikuwa rimu la trekta, lile linaloning'inia kwenye mti wa kigango cha Mofu, ambalo katekista hulipiga kwa nondo saa sita mchana watu wasali Malaika wa Bwana. Wakiwa wadogo yeye na Getrude walikwenda Mofu likizo, na rimu likilia hata aliyekuwa na samaki mkononi alisimama. Baada ya rimu ukaja uzi wa gitaa, mmoja, ukigongwa polepole. Ulikuwa juu ya rimu. Ukashuka. Ukashuka tena, mpaka ule mlio wa chuma ukiwa bado unaelea, uzi ukaingia ndani yake, vikawa kitu kimoja. Ndipo nyuzi nyingine zikaufuata huo.

Gitaa la mjomba halikuwa limelewa. Lilikuwa na do yake, noti ya kuanzia. Kila saa sita mchana Mofu nzima ilipewa do, na Beatus aliichukua ikiwa ya moto.

Tekla akainuka, akafungua kinanda, akatafuta do ile kwa kidole. Kibao cheupe kilikuwa juu yake. Cheusi kilicho chini kilikuwa chini yake. Rimu lilikaa katikati, mahali pasipo na kibao. Alitabasamu peke yake. Chuoni kulikuwa na kinanda cha zamani cha upepo kanisani ambacho hakuna aliyeweza kukipandisha, na mwalimu wa muziki aliwafundisha kukishusha kile cha umeme kikifuate. "Asiyeweza kusogea asogelewe," alikuwa akisema. Tekla akaingia kwenye mipangilio ya kinanda, akakishusha hatua ndogondogo, huku rimu likilia simuni, ngeee, mpaka vibao vyake vikakaa Mofu.

Akapiga wimbo wote upya juu ya gitaa la mjomba. Benchi likanyooka.

Sasa alibaki Teddy. Tekla alijaribu kuishusha sauti yake kwa programu ya simu, na Teddy akatoka kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Hapakuwa na njia. Akapiga.

"Dada Teddy, shikamoo."

"Marahaba. Lukelo kasemaje?"

"Sijaenda kwa Lukelo. Nimeshusha kinanda kimfuate mjomba. Na wewe nakuomba uimbe tena, umfuate."

"Nimfuate nani?"

"Mjomba."

"Na mjomba anamfuata nani?"

Tekla akavuta pumzi. "Rimu la kigango."

Teddy alicheka mpaka jirani yake akauliza kupitia ukutani kuna nini. Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo mimi, Teddy, ninayeombwa na kwaya mbili hapa Kidatu, niimbe kwa kufuata tairi."

"Rimu. Tairi halilii."

"We Tekla."

"Bee."

"Tangu lini unanisahihisha?"

Siku nyingine yoyote Tekla angeomba radhi na kukata simu. Lakini alikuwa amesikia ule uzi ukiingia ndani ya chuma, na mtu akishasikia kitu kama hicho hawezi kujifanya hajasikia. "Dada, ule wa kwanza uliimba vizuri sana. Lakini uliimba na kinanda. Huu utaimba na mjomba. Nakutumia, sikiliza kwanza. Ukisema haifai, nitakwenda kwa Lukelo mwenyewe."

Hakuwa na hofu aliposema hivyo. Alijua Teddy ana masikio.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja halikuwa maneno. Ulikuwa wimbo, wote, kutoka chini ya blanketi, na sauti ya Teddy ilikuwa imelegea kwa namna ambayo Tekla hakuisikia mara ya kwanza, kama mtu aliyevua viatu. Mwishoni kabisa, baada ya noti ya mwisho, Teddy alisema akihema, "Nimekumbuka ule uji wa mchele wa Mofu. Hebu nitoke humu nisife."

Siku ya harusi mvua iliwapa nafasi. Ukumbini, mtu wa muziki alikuwa Nikodemu, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, na ndiye aliyeusikiliza wimbo kwenye spika za masikioni kabla watu hawajajaa.

"Sista, wimbo mkali. Ila hapo mwanzo kuna kelele, kama mtu anagonga chuma. Nakukatia, fasta tu."

"Usikate."

"Watu watadhani mashine yangu mbovu."

"Usikate, kaka Nikodemu," alisema Tekla. Hakuinua sauti, na hakuangalia vidole vyake. "Anzia hapo hapo. Fungua yote."

Nikodemu alishusha miwani akamtazama, akaipandisha. "Haya, mwenye harusi kasema."

Tekla akampigia mjomba, akaenda kusimama kando ya spika kubwa akiwa ameinua simu. Mlangoni gauni jeupe lilionekana, likasimama. Getrude alikuwa hajaambiwa kitu. Alikuwa amekataa kuuliza. Nikodemu akafungua.

Ngeee.

Mama mkubwa Brigitha, mama yake Teddy, alikuwa amekuja kutoka Mofu kabla maji hayajafunga njia, pamoja na wanawake wenzake wa kigango. Walikuwa wamekaa meza ya nyuma na soda zao. Rimu lilipolia, Brigitha aliweka chupa chini, akasimama, akapiga ishara ya msalaba. Meza nzima ikasimama naye. Ngeee. Watu wa mbele waliona wa nyuma wamesimama, wakadhani ndio utaratibu, nao wakasimama. Ilipolia ya tatu hapakuwa na mtu aliyekaa ukumbini isipokuwa mshenga mmoja mzee aliyekuwa amesinzia.

"Jamani, saa hizi ni saa sita?" aliuliza Brigitha, mkono ungali begani.

Ndipo uzi wa gitaa ukaja, mmoja, ukashuka mpaka ukaingia mahali pake. Zikafuata nyuzi nyingine. Kikafuata kinanda, na juu yake Teddy. Teddy mwenyewe, aliyewasili na basi la asubuhi, aliziba mdomo wake kwa kitenge na kuacha sauti yake ifanye kazi peke yake.

Getrude, pale mlangoni, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akampa mumewe mkono mwingine, akaingia. Alilia njia nzima na hakuficha, na hakukosea hatua hata moja.

Wimbo ulipokwisha na vigelegele vikaanza, Tekla alitoka nje na simu.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia. Niliiweka sauti ya juu, nikasahau niko barazani. Majirani wameanza kusali." Beatus alikohoa. "Pale katikati nilichelewa kidogo."

"Hukuchelewa."

"Nilichelewa, mjomba. Mkono umezeeka."

"Hukuchelewa. Ningesikia."

Kule ng'ambo Beatus akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Basi sikuchelewa. Kuna mtu kaniahidi waya wa baiskeli, maji yakipungua naufuata, naufunga. Gitaa litakuwepo," alisema. "Ila wewe, mjomba, usije ukaolewa masika."