Kondo Lililokaa Mlangoni

Nesi Elinipendo alimpaka Mwanajuma mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kipimo, kisha akageuza kioo cha mashine ili mama mkwe, Bi Habiba, naye aone. Ndiyo ultrasaundi ya kwanza Kibiti, ya zahanati ya mtu binafsi, na wajawazito waliifuata hata kutoka vijiji vya delta ya mto.

"Mtoto mzima," alisema nesi. "Ila kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango. Lisipopanda, uchungu ukianza damu itamwishia. Itabidi apasuliwe Dar."

"Na mvua hizi, barabara ipo?" aliuliza Mwanajuma.

Haikuwepo. Bi Habiba akavuta kiti, akakikabili kioo.

"Wewe kondo, mlangoni hapakaliwi. Hukufunzwa adabu?"

"Nilifunzwa," likajibu kondo. "Nitoke nikazikwe wapi?"

Nesi alipunguza sauti ya mashine, maana foleni nje ilikuwa inasikiliza.

Swali lilikuwa la haki. Makondo yote ya ukoo yamezikwa nyuma ya jiko la Bi Habiba. Mwaka huo mwekezaji wa kufuga kamba alipewa eneo lile, akazungusha seng'enge mpaka ukutani mwa jiko.

"Seng'enge nitaing'oa," alisema Bi Habiba.

"Ulijaribu. Ukarudi na khanga imechanika."

Mwanajuma akacheka, picha ikatikisika.

"Tulia wewe, tunazungumza," mama mkwe alimkemea. "Kaidi hili, kama mwanangu."

Kliniki iliyofuata Bi Habiba alikuja na beseni la udongo kichwani. Aliuchota kwa kupenyeza mkono chini ya seng'enge, na Hemedy, mlinzi wa mwekezaji, alimwinulia waya. Kondo lake nalo limezikwa mle.

"Ndio wenyewe?" liliuliza kondo.

"Nusa."

Likanusa. Kwenye kioo likaonekana linajikunja kama mkeka, likapanda juu taratibu, likatulia. Nesi akafuta mafuta, akamwita mjamzito aliyefuata.

Mwanajuma alijifungua salama, mtoto wa kike, na kondo likazikwa katika beseni. Beseni liko uvunguni mwa kitanda cha Bi Habiba. Maji yakijaa deltani, nalo hujaa, yakipwa, hukauka.

Seng'enge haijasogea hata shubiri. Mara kwa mara mwekezaji humtuma Hemedy kuudai udongo wake. Hemedy hufika, hunywa chai, huchungulia uvunguni, kisha hurudi kuripoti kwamba maji yamejaa.