Shangazi Katika Mgunga wa Miasenyi

Josephat aliangusha kijiko. Kikatumbukia katika uji, uji ukaruka ukampata mkewe Edith begani, na yeye wala hakuomba radhi.

"Umesema mzinga wako una nini?"

"Kiuno," akajibu Musyimi, mlinzi wa ghala la mizigo pale stesheni ya Voi, ambaye kila akitoka kwake Miasenyi huwaletea kibuyu cha asali. "Una kiuno, una mabega, na tundu mbili zilizopindapinda za nyuki kuingilia. Niliuokota nyuma ya ghala, umetupwa na takataka. Nikasema, kumbe mizinga mingine Mungu huichonga mwenyewe!"

Weee! Basi Shangazi hakufa!

Shangazi ilikuwa besi ya bendi ya wafanyakazi wa reli, lile zeze kubwa la kusimama, refu kuliko mchezaji wake. Waliliita hivyo kwa sababu ya nyonga zake, na kwa ile sauti nzito ya mtu ambaye akishasema hakuna wa kumjibu. Mchezaji wake alikuwa Reuben, aliyekua pamoja na Josephat kule Wusi, wakala sahani moja mpaka wakaoa. Kisha ukaja mwaka wa 1954. Bendi ilikuwa inarudi kutoka Taveta, na Josephat, fundi seremala wa reli, akajitia shujaa. Ati hataki kusaidiwa, atamteremsha Shangazi kutoka behewani peke yake. Mguu ukateleza. Shingo ya Shangazi ikakatika, kifua kikapasuka.

Reuben hakumpiga. Heri angempiga! Alisema tu, "Sitasema na wewe tena mpaka yeye aseme." Na Reuben akisema jambo, amelisema.

Miaka mitatu ikapita, wanapishana dukani na kanisani kama nguzo mbili za simu. Josephat alijifanya hajali, lakini iliuma, iliuma sana. Sasa Tryphena, binti yake wa pekee, anaolewa Agosti, na baba yake wa ubatizo ni nani? Reuben huyo huyo. Mwenyewe amekataa katakata kukaa meza moja na mtu asiyesalimiana naye. Naye Tryphena amekata kauli kwamba bila baba yake wa ubatizo hakuna harusi. Msichana mkaidi, na ukaidi wake kila mtu alijua ameurithi wapi.

"Nenda kamwambie mke wa Reuben amwambie mumewe," Josephat akamwambia Edith. "Jumamosi, treni ya mizigo, Miasenyi. Aje amwone Shangazi."

Reuben alikuja. Alikaa mwisho wa behewa akiwa amempa Josephat mgongo, akahesabu minazi ambayo haipo.

Shangazi alikuwa ametundikwa juu ya mgunga, kwa kamba, kama mizinga mingine ya Musyimi. "Mtazameni kutoka hapa chini," Musyimi akaonya. "Nyuki huguswa giza likiingia, kwa moshi. Mchana hawana mchezo."

"Treni inarudi saa tisa," Josephat akasema, na tayari alikuwa amekumbatia mti.

Alipofika juu, moyo ulimshuka. Shingo hakuna. Nyuzi hakuna. Kifua kimechanika mara tatu kutoka juu hadi chini, rangi imebabuka kwa jua. Mtu mwenye akili timamu angesema kuni. Na yeye alitamani kusema atapona, alitamani mno, hata akauogopa mdomo wake mwenyewe. Akisema atapona, kisha apasukie mezani pa kazi, atakuwa amemwua mara mbili, na urafiki wa Reuben ameupoteza moja kwa moja.

"Fundi!" Musyimi akaita. "Unafikiri nini? Nyuki wangu hawakai kwenye ubao uliooza. Wangekuwa wamehama zamani!"

Josephat akatazama tena. Haki ya Mungu! Zile nyufa zote zilikuwa zimezibwa kwa ile gundi nyeusi ya nyuki, mstari kwa mstari, safi kuliko kazi yake mwenyewe. Ubao ulikuwa haujapinda hata kidogo. Furaha ikamjaa, akafanya jambo ambalo seremala tu anaweza kulifanya. Alipiga kifua cha Shangazi kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, kama anavyopiga ubao wowote kuusikiliza.

Shangazi akaitika, sauti nene, nzima kabisa. Kisha wakaitika wenye nyumba.

"Josephat, ruka!" ikasikika sauti kutoka chini, wala haikuwa ya Musyimi. "Ruka, mjinga wewe, ruka!"

Akaruka. Basi ikawa mguu niponye, wazee wawili wa kanisa wakikata mbuga na kofia mkononi, mpaka wakajitupa chini ya turubai la mizigo kando ya reli. Walilala humo wanahema. Jicho moja la Josephat lilikuwa limefunga, na mdomo wa Reuben umevimba umekuwa kiazi.

"Umesema na mimi," Josephat akanong'ona.

Reuben akatikisa kichwa, akaweka kidole juu ya ule mdomo. Kiapo ni kiapo. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Usiku huo Musyimi aliwatoa nyuki kwa moshi, akamteremsha Shangazi, wala hakutaka pesa. Alitaka mizinga miwili mipya ya gogo. "Na mmoja uuchonge kiuno," akasisitiza. "Nyuki wangu wameshazoea maisha mazuri."

Kwa wiki saba Reuben alifika karakana kila jioni baada ya kazi, akakaa juu ya pipa bila neno, akielekeza kwa kidevu. Pale, hapana, pale. Josephat akamtengenezea Shangazi shingo ya mvule, iliyotoka kwenye benchi la behewa lililostaafu. Nyuzi zikaagizwa Mombasa. Lakini zile nyufa hakuzigusa, aliwaachia mafundi waliomtangulia. Karakana nzima ilinukia asali.

Asubuhi ya harusi, uani, wanawake wakiwa juu ya masufuria, Reuben alimsimamisha Shangazi, akakaza, akasikiliza, akakaza tena. Kisha akavuta uzi mnene kuliko yote.

Sauti ilitoka kama inatoka ardhini. Miko ikasimama hewani. Tryphena akatokea mlangoni na gauni lake jeupe, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Watu wote wakamtazama Reuben.

Reuben akamwegemeza Shangazi begani.

"Josephat."

"Naam."

"Maneno ya miaka mitatu. Sasa niyaanzie wapi?"

"Anzia salamu," Edith akasema, anacheka na machozi yanamtoka.

"Hujambo, Josephat?"

Na Josephat, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ametunga majibu ya kila namna, ya ukali na ya kuomba msamaha, hakupata hata moja. Alisimama pale na suti yake mpya, akitikisa kichwa tu, machozi mpaka kwenye tai.

"Haya, mwaona!" Reuben akawageukia watu, huku amemshika rafiki yake bega. "Sasa huyu ndiye hataki kusema na mimi!"