Siku Nne za Peguy Bwawani

Peguy alipoleta ule mtumbwi, watoto wa ghorofa nzima ya sita walimfuata ngazini wakipiga kelele, maana lifti ya jengo lile la Albert Park, Durban, ilikufa zamani na hakuna aliyejisumbua kuifufua. Ulikuwa mtumbwi wa plastiki, rangi ya machungwa, una ufa ubavuni. Mteja aliukataa, na msimamizi wa ghala kule Clairwood, alikofanya kazi Peguy, akamwambia auchukue kabla haujatupwa. Dada yake Constance alifungua mlango, akautazama mtumbwi, kisha akamtazama mdogo wake.

“Hiki nacho tutakilaza wapi? Nyumba yenyewe iko na watu kumi na mmoja!”

“Nitausimamisha kwenye balkoni, yaya. Mpaka mwezi wa nne tu.”

Yaya ndivyo alivyomwita siku zote, kama dada mkubwa anavyoitwa kwao. Akamweleza. Mwezi wa nne, jasho la Durban likianza kukauka na baridi haijaingia, angeomba ruhusa kazini, apande lori la rafiki yake Hardy linalokwenda Johannesburg, ashuke njiani, kule milimani kwenye bwawa kubwa. Apige kasia avuke ng’ambo wasikofika watu, apige hema, akae siku nne.

“Na nani?”

“Na mimi mwenyewe.”

Constance alicheka mpaka akakaa chini. “Peguy! Tulilala porini miezi miwili tukikimbia vita kutoka kwetu Kalehe. Ulivimba miguu, nikakubeba mgongoni. Hukushiba?”

“Ile sikuichagua, yaya. Miaka tisa niko hapa, sijalala usiku hata mmoja bila kumsikia mtu mwingine akikohoa. Nataka siku nne tu.”

Na huo ndio ulikuwa ukweli wote, jamani. Hapakuwa na kingine nyuma yake. Lakini nenda kamwambie ukweli kama huo mtu wa Albert Park uone. Pale, ukisikia fulani amepata safari, huulizi safari ya wapi. Ni Kanada au Amerika, mkimbizi ameitwa, anaondoka moja kwa moja. Na aliyeitwa hasemi. Anaogopa vijicho, anaogopa wachawi, anamwogopa hata mchungaji wake. Anaaga kwamba anaenda kidogo tu, anarudi, na watu wanakuja kuelewa akiwa ameshatua.

Kaka yao mkubwa, Cédric, aliwafanyia hivyo hivyo. Alisema anaenda Johannesburg siku mbili kununua nguo za kuuza, akamwomba Constance amwekee maharage. Wiki ya tatu akapiga simu ya video kutoka Kanada, amevaa kofia ya sufu. Alikuwa amejiondoa kimyakimya kwenye faili lao la wakimbizi wanaosubiri kupelekwa nchi nyingine akaingia kwenye la mke wake. Constance alilia mwezi mzima. Tangu hapo faili likabaki na majina mawili, lake na la Peguy, dada na mdogo wake, waende wote au wabaki wote. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kushikilia, na Peguy alilijua hilo.

Basi Peguy akaanza kujiandaa, na kadiri alivyojiandaa ndivyo dada yake alivyozidi kukosa usingizi. Aliziba ufa kwa gundi ya kazini, akausugua kwa msasa Jumapili nzima. Alipanda juu ya paa la jengo kujifunza kusimamisha hema peke yake, akitazama saa na kuandika dakika kwenye daftari. Aliazima mizani ya ghalani akapima kila kitu: unga, ndakala, wale dagaa wakavu, chumvi, majani ya chai, sufuria moja. Viberiti alivitia kwenye chupa ya dawa. Kila jioni alitazama upepo wa milimani kwenye simu, anatikisa kichwa, anaandika tena. Constance alikuwa akimwangalia tu. Mtu gani anajihangaisha miezi miwili kwa ajili ya siku nne?

Kisha ukaja ule mfuko usiopitisha maji. Peguy alitia ndani kibali chake cha ukimbizi, cheti cha ubatizo, na barua zote za ofisi.

“Karatasi za nini porini?” Constance aliuliza.

“Polisi wakinikuta barabarani bila karatasi? Eish, yaya, unajua mwenyewe. Na hapa ndani vitu vinapotea.”

Jibu la akili kabisa. Lakini kesho yake kwenye saluni alikosukia watu nywele, Constance alipolisimulia huku akisuka, Gracieuse wa kiti cha pili aliacha kichwa cha mteja wake nusu.

“Cheti cha ubatizo? Cha kuwaonyesha samaki?” Gracieuse alisema. “Mama, fungua macho. Lori la Johannesburg, begi limepimwa kwenye mizani, karatasi zote. Begi linapimwa wapi kama si kwa ajili ya ndege? Huyo amepata safari. Amekutoa kwenye faili.”

Constance alimtukana, akamwambia ana mdomo mchafu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, nalo halikutoka. Usiku huo alimwuliza Peguy mara tatu kama kuna kitu anamficha. Mara ya tatu Peguy alikasirika, akasema kwani mtu hawezi kutaka kukaa peke yake bila kuwa mwizi.

Ijumaa alfajiri Hardy alipanda kumsaidia kuteremsha mtumbwi. Peguy alisimama kando ya kitanda cha dada yake, akanong’ona, “Yaya, naenda. Jumatatu jioni niko hapa.” Constance alifumba macho akajifanya amelala. Alitaka kumshika mkono. Hasira ikamkataza.

Saa nne kamili alikuwa ofisini kwa mawakili wanaoshughulikia faili lao. Kichwani alikuwa na hesabu moja tu: akimwonyesha Peguy kuwa mwongo leo, watamzuia, na ndege itaondoka bila yeye. Alimwambia karani kwamba Peguy si ndugu yake. Kijana tu aliyekutana naye njiani, akamwonea huruma, akamwandikisha. Karani akamwuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema ana hakika. Miaka tisa wamewadai ushahidi wa udugu wao, picha, mashahidi, viapo. Siku hiyo hawakudai hata kipande cha karatasi. Weka sahihi hapa, mama. Akaweka.

“Sasa mzuieni asipande ndege,” alisema.

“Ndege gani?” karani alishangaa. “Hakuna aliyeitwa hapa, mama. Mlikuwa mnasubiri tu, kama wengine. Ila kwa hiki ulichosema, mlitudanganya tangu mwanzo. Faili linafungwa. Lenu wote wawili.”

Alitoka akijiambia labda wanamficha, labda Peguy amepitia ofisi nyingine. Saa nane mchana simu ikalia, namba asiyoijua. Mwanamume akajitambulisha kuwa mlinzi wa lango la bwawa. Kuna mgeni ameingia majini peke yake na mtumbwi wa rangi ya machungwa, na sheria yao ni kwamba mtu wa peke yake aache jina na namba ya wa kuarifiwa asiporudi. Kaandika Constance.

“Wewe ni nani wake?” mlinzi aliuliza.

Constance aliegemea ukuta. “Dada yake,” alisema.

Alikimbia kurudi ofisini. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, hata hakumkemea, na hilo lilimwumiza zaidi. “Asubuhi si ndugu, mchana ni ndugu. Sasa nikuamini saa ngapi, mama?”

Jumatatu jioni Peguy aliingia kama alivyosema, pua imebabuka kwa jua, ananuka moshi, anacheka peke yake. Akaanza kusimulia kabla hajavua viatu: ukungu wa asubuhi, maji yaliyotulia, swala aliyekuja kunywa karibu na hema. “Na kimya, yaya! Kimya mpaka nikasikia tumbo langu. Mwaka ujao twende wote.”

Hapo Constance akashindwa. Alimwambia yote, kuanzia Gracieuse hadi sahihi, bila kujipunguzia hata neno. Peguy alikaa juu ya begi.

“Ijumaa saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Saa nne nilikuwa bado kwenye lori. Simu ilikuwa mkononi. Mbona hukunipigia?”

“Niliogopa. Nilisema nikipiga, hutapokea. Kama Cédric.”

Peguy aliinua kichwa. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita dada yake huyo kwa jina, hata wakigombana, hata kwa utani.

“Ningepokea, Constance,” alisema.